Askari wa Garissa Alalaje?

Mzazi wa Mombasa akiletewa habari kwamba mwanawe aliye jeshini amehamishiwa Garissa, au mbele zaidi ya hapo, Wajir, Mandera, Liboi, swali lake la kwanza huwa moja tu: "Huko hawapigani?" Akijibiwa kwamba kumetulia, humshukuru Mungu na kurudi kwenye shughuli zake. Ni wachache mno waulizao maswali mengine. Kijana huyu anakunywa maji gani? Alalaje? Ana nani wa kuzungumza naye usiku ukiingia? Atarudi lini, na akirudi atakuwa ni yule yule tuliyempa mkono kituo cha basi?

Maswali haya, ndugu msomaji, ndiyo nitakayo tuyazungumze leo, kwa sababu nina hakika kwamba risasi siyo adui wa kwanza wa askari aliye mbali na kwao. Labda ni adui wa tatu au wa nne. Mbele yake kuna jua, kuna maji, kuna mbu, na kuna upweke. Na huu wa mwisho, ambao hauonekani kwa macho wala haupimwi kwa mizani, ndio tunaoupuuza kuliko yote.

Jambo hili si geni. Wazee wetu waliochukuliwa katika Vita Vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918 walilijua vyema. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza, watu waliobeba vyakula na risasi vichwani kutoka pwani hadi mito ya kusini. Maelfu kwa maelfu hawakurudi, na walio wengi hawakuuawa na Mjerumani. Waliuawa na tumbo la kuhara, na malaria, na njaa, na uchovu. Waingereza walihesabu risasi zao kwa uangalifu kuliko walivyowahesabu watu hao.

Vita vya Pili vikaja na mambo yake. Mwaka 1941 askari wa keya waliokuwa kaskazini ya ziwa ambalo leo twaliita Turkana, katika nyanda za mto Omo, walianza kuugua homa isiyosikia dawa. Mtu hukonda, wengu huvimba hata tumbo likawa kama ngoma, damu hupungua, na asipopata matibabu yake aghalabu hufa. Madaktari walipochunguza wakakuta ni kala-azar.  Huletwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, na usubi huyo katika nchi kavu hupenda kukaa katika vichuguu. Basi fikiri: askari ametembea mchana kutwa juani, anakuta kichuguu chenye kivuli, anakiegemea kupumzika. Amekwisha kuumwa na hana habari. Wako wanaosema kwamba ugonjwa huo uliozuka Kitui baada ya vita uliletwa na askari waliorudi makwao. Na leo hii kala-azar haijatoweka. Wajir na Marsabit zimepata mlipuko zaidi ya mara moja katika miaka hii ya karibuni, na aumwaye huko ni mchungaji kama vile aumwavyo askari.

Pana na homa ya Bonde la Ufa. Mtu asiyeijua Garissa hudhani ni nchi ya kiu peke yake. Lakini Garissa ina mto Tana, ina mashamba ya ndizi, maembe na matikiti kandokando ya maji, na mvua ikizidi huko bara mto hufura ukaingia mpaka majumbani. Mwisho wa mwaka 1997 mvua za El Nino ziligeuza Mkoa wa Kaskazini Mashariki kuwa bahari. Mbu wakazaana, mbuzi na ng'ombe wakaharibu mimba na kufa, na watu wakaanza kutokwa na damu. Mamia walikufa huku kwetu na upande wa pili wa mpaka, Somalia. Homa hiyo ikarudi mwisho wa mwaka 2006, na wagonjwa wa mwanzo walipatikana huko huko Garissa. Ilipokwisha mwaka 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa nchini. Homa hii humpata mtu kwa mbu, na pia kwa kuchinja au kushika mnyama mgonjwa. Sasa kambi ya askari hununua mbuzi wapi? Hununua kwa mfugaji wa jirani. Ikiwa mbuzi wa mfugaji hawakaguliwi na daktari wa mifugo, basi mpishi wa kambi yuko hatarini sawasawa na mke wa mfugaji.

Nayataja haya ili ionekane kwamba afya ya askari na afya ya raia wa Garissa ni kitu kimoja. Huwezi kujenga ukuta ukazuia mbu.

Maji nayo yana kisa chake. Wajir ina visima vingi, lakini maji yake ni mazito ya chumvichumvi, na maofisa wa Kiingereza wa zamani walikuwa wakilalamika kwamba huwatia maumivu wakati wa haja ndogo. Maofisa hao hao, kwa mzaha wa watu waliochoshwa na jangwa, walianzisha klabu ya mashua pale Wajir, mahali pasipo bahari wala ziwa! Mtu wa Lamu akisikia hivyo atacheka, na ana haki. Lakini mzaha ule ulikuwa na shida nyuma yake. Watu walikuwa wanatafuta jambo lolote la kuwazuia wasirukwe na akili.

Jua la Garissa mtu wa pwani hudhani analijua, kwa kuwa Mombasa pia kuna joto. Si joto moja. La kwetu lina upepo wa bahari, na jioni mtu hutoka nje akapunga hewa barazani. La kule ni kavu, hukausha jasho kabla hujaliona, na mtu hupungukiwa na maji mwilini akidhani yu mzima. Mpe mtu huyo kofia ya chuma, fulana nzito ya kuzuia risasi, bunduki na mzigo mgongoni, na haja yake ya maji kwa siku inaweza kufika lita 8 au zaidi. Asipoyapata, kichwa huanza kuuma, kisha maneno hupotea, kisha huanguka. Kamanda asiyejua dalili hizi humwita mvivu.

Sasa niingie katika upweke, ambao ndio hasa ulionifanya nishike kalamu.

Mwandishi mmoja wa Ireland, Gerald Hanley, aliyekuwa ofisa wa keya katika nchi ya Wasomali wakati wa Vita vya Pili, alitoa kitabu mwaka 1971 kiitwacho Warriors and Strangers. Humo amesimulia jinsi maofisa wenzake walivyokaa katika vituo vya jangwani miezi kwa miezi bila mtu wa kusema naye, wengine wakaharibikiwa na akili, na wengine wakajiua kwa bastola zao wenyewe. Hawa hawakuwa waoga. Walikuwa watu wazima, wenye vyeo, waliozoea vita. Kilichowashinda ni kimya, joto, barua zisizofika, na kutojua siku ya kuondoka. Hilo la mwisho nalisisitiza. Mtu hustahimili dhiki kubwa akijua mwisho wake. Asiyejua mwisho hata dhiki ndogo humwelemea.

Na hapa sisi Waislamu tunacho kisa kikubwa kuliko cha Mwairishi huyo. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa akizunguka Madina usiku kama desturi yake, akamsikia mwanamke nyumbani mwake akiimba kwa huzuni juu ya mumewe aliyekwenda vitani muda mrefu. Umar hakumkemea. Hakusema, "Huyu mke hana subira." Alikwenda kwa binti yake, Bibi Hafsa, akamwuliza mwanamke aweza kustahimili muda gani bila mumewe. Wapo wapokezi wasemao alijibiwa miezi minne, na wapo wasemao sita. Kisha Khalifa akawaandikia majemadari wake kwamba askari asiwekwe vitani kupita muda huo. Tazama basi! Dola iliyokuwa inapigana na Uajemi na Rumi kwa wakati mmoja, iliyohitaji kila mkono wenye upanga, ilisimama ikasikiliza kilio cha mke mmoja na kubadili amri ya jeshi.

Sisi leo twafanyaje? Majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, na tangu mwaka 2012 yakawa chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Zamu ya kikosi huko huwa kiasi cha mwaka mzima, na wakati mwingine huzidi. Ndani ya mipaka yetu, msitu wa Boni, ambao wasomaji wa Lamu na Ijara wanaujua bila kuelezwa, umekuwa na operesheni tangu Septemba 2015. Barabara zake hutegwa mabomu. Askari anayepanda deraya asubuhi kwenda kuchukua maji hajui kama atarudi na maji hayo. Hofu ya namna hiyo si ya saa moja ya vita, ni hofu ya kila siku, kama maji yatonayo juu ya jiwe.

Pana siku ambazo nchi nzima ilishtuka. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, wakauawa watu 148, wengi wao wanafunzi, na miongoni mwao askari polisi watatu na wanajeshi watatu. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde, ng'ambo ya mpaka, ilivunjwa alfajiri. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikawa zamu ya Kulbiyow. Tulilia, tukasoma dua, tukanyamaza. Lakini je, tuliwahi kuuliza juu ya waliopona? Aliyejificha kichakani siku mbili akisikia wenzake wakiitwa majina na kupigwa risasi, alipewa nini aliporudi? Aliyeingia katika mabweni ya Garissa kuzitoa maiti za watoto wa watu, ambao simu zao zilikuwa bado zinalia mifukoni, alikwenda kuzungumza na nani?

Waingereza wa mwaka 1916 waliwaona askari wao wakitetemeka bila jeraha wakasema ni mshtuko wa makombora, na wengine wakapigwa risasi kwa kosa la woga. Marekani ilingoja mpaka askari wa Vietnam waliporudi na kuharibikiwa, ndipo madaktari wake mwaka 1980 wakauandika rasmi ugonjwa wa kiwewe kibakiacho baada ya balaa kupita. Dalili zake zajulikana: mtu huota lile lile kila usiku, hushtuka kwa mlango kugongwa, hukwepa watu, huwa mkali kwa mkewe na watoto, hutafuta pombe au mirungi ili apate nusu saa ya kusahau.

Huku kwetu pwani mtu wa namna hiyo tunamwambiaje? Tunasema ana pepo. Tunasema amerogwa na Wagiriama, au ameingiliwa na jini la jangwani. Hupelekwa kwa mganga, akafukizwa ubani, akapigwa ngoma, akatozwa fedha za likizo yake yote. Mimi sipingi mtu kusomewa Kurani. Ni shifaa, na moyo wenye hofu hutulia kwa kumtaja Mungu. Nipingacho ni kumficha mgonjwa kwa aibu. Mguu ukivunjika twauonyesha kwa daktari na kumsomea mwenye mguu huo pia. Kwa nini akili ikivunjika tufanye moja na kuacha jingine?

Sheria nayo ilikuwa imelala. Kwa miaka mingi Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kufungwa, kwa kifungu kilichobaki tangu enzi ya ukoloni. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kabla ya hapo, askari aliyekutwa na kamba shingoni alikuwa na mambo mawili ya kuogopa, ugonjwa wake na korti. Ni nani basi angesema ukweli kwa daktari? Jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Na jopo la Jaji mstaafu David Maraga, lililoangalia hali ya polisi na askari jela na kumaliza kazi yake mwaka 2023, liliyaona mengi ya makazi mabovu na mawazo yaliyochoka. Jeshi lenyewe halikuwa katika kazi ya jopo hilo. Kuna desturi ya kusema mambo ya jeshi ni siri. Idadi ya mizinga iwe siri, sawa. Usingizi wa kijana una siri gani?

Wapo watakaosema: askari alijitolea, analipwa, na akitaka raha angekaa nyumbani auze samaki. Maneno haya nimeyasikia barazani mara nyingi, na huyasema zaidi mtu ambaye hajalala nje ya nyumba yake. Mshahara ni malipo ya kazi. Haukununua akili ya mtu.

Lipo pia jambo la desturi yetu ya kuiita Garissa adhabu. Tangu ukoloni, ulipohitajika kibali kuingia wilaya zile za mpakani, mtumishi wa serikali aliyekosana na mkubwa wake hutishwa: "Nitakupeleka Kaskazini Mashariki!" Neno hili limeleta madhara mawili. Askari hufika akijiona amefungwa, na mwenyeji humwona mgeni huyu kama mlinzi wa jela. Wenyeji wana sababu ya kuogopa. Vita vya Shifta vilidumu mpaka makubaliano ya Arusha ya mwaka 1967. Novemba 1980 sehemu za mji wa Garissa zilichomwa baada ya maofisa wa serikali kuuawa. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakakalishwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakafa; serikali ya wakati ule ilisema ni 57, wenyeji husema ni mamia kwa mamia, hata zaidi. Mtu hawezi kulala vizuri katikati ya watu wanaomwogopa, nao hawawezi kulala wakimwogopa yeye. Ndiyo maana naona kikosi kinachochimba kisima pamoja na wanakijiji, au daktari wa jeshi anayetibu watoto wa Boni ambao zahanati zao zilifungwa kwa ajili ya mashambulizi, anafanya kazi ya kujitibu mwenyewe pia. Kumbuka kwamba baada ya mauaji ya Mandera ya mwaka 2014 waganga na walimu wengi walihama, na Aprili 2019 madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara pale pale mjini Mandera. Mahali pengine mwenye dawa ni jeshi tu.

Habari za nyumbani ni dawa nyingine. Matangazo ya redio kwa Waafrika wa Kenya yalianza wakati wa Vita vya Pili, ili jamaa za askari wajue yanayowapata wana wao huko mbali. Baadaye zikaja salamu za redioni, na nani asiyekumbuka mama zetu walivyonyamazisha nyumba nzima wakingoja jina la mtu wao litajwe? Leo kuna simu, lakini minara imelipuliwa mara nyingi na Al-Shabaab, na kambini simu huzuiwa kwa usalama. Basi kijana wa leo aweza kuwa mbali na mama yake kuliko babu yake wa keya, aliyepata barua walau kwa mwezi mara moja. Jeshi likitaka laweza kupanga saa ya kila mmoja kuzungumza na kwao kwa mitambo yake lenyewe. Si gharama ya kushinda deraya.

Kuna na wale ambao hawakurudi wala hawakuzikwa. El Adde iliacha nyumba ambazo hazikupata maiti ya kuosha. Mke wa nyumba hiyo hajui kama ni mke au mjane, na hajui aanze eda lini. Sheria ya nchi humngoja aliyepotea miaka saba ndipo imdhanie amekufa. Ni Sayyidna Umar huyo huyo aliyehukumu kwamba mke wa aliyepotea angoje miaka minne kisha akae eda, na Imamu Malik akalishika hilo. Wanazuoni wa Shafii wamehitalifiana. Makadhi wetu wangefanya hisani kubwa wakikaa na wakubwa wa jeshi, wakapata hati na ushahidi, ili wake hawa wasibaki wananing'inia. Kungoja nako ni ugonjwa.

Na Ramadhani ikiingia kambini? Kwa madhehebu yetu, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili si msafiri tena, kwa hiyo askari wa zamu ya mwaka hawezi kujikinga kwa ruhusa ya safari. Lakini ruhusa ya mgonjwa na ya anayechelea madhara ipo, na joto la Garissa lenye fulana ya chuma si mchezo. Jeshi lina maimamu wake kama lilivyo na makasisi wake. Imamu na daktari wakae pamoja, waseme nani afunge na nani alipe baadaye, asiachiwe kijana wa miaka 22 akate shauri peke yake juu ya kilima huku ameshika bunduki.

Nikiulizwa nianze na lipi, nitajibu bila kusita: zamu. Isizidi miezi sita mahali pa hatari, na kila askari aandikiwe tarehe ya kurudi siku ile ile anayoondoka. Akirudi, kabla ya kupewa bunduki nyingine, akae na daktari wa akili, awe koplo au awe meja, wote kwa amri moja, ili asionekane yeyote kuwa ndiye mwenda wazimu. Na basi la likizo litoke Garissa siku tano kabla ya Idi, kwa kuwa barabara ya Hola na Garsen mvua ikinyesha haina mwenyewe.